Tupeane uzoefu: kuangalia ndege wakati wa joto, Mtwara na Lindi

Wakuu, habari za joto. Kuanzia Oktoba mpaka mvua zishike, huku kusini jua ni kali kwelikweli, na ndio msimu huohuo pwani imejaa wageni wa kutoka mbali: sululu, vitwitwi, mbayuwayu. Wengi wanakata tamaa mapema. Mtu anafika ufukweni saa nne asubuhi, maji yamekupwa, ndege wako kule mbali kwenye matope, mazigazi yanacheza mbele ya darubini, hata rangi ya mguu haionekani.

Mimi nasema pwani fuata maji, saa baadaye. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa kwenye saa kumi alasiri. Kaa kivulini tangu saa nane. Maji yakipanda yanawasukuma ndege mpaka wanakuja kusimama kwenye mchanga mbele yako, na jua wakati huo liko mgongoni kwako, rangi zote unaziona. Kina mama wanaochokoa pweza wanazijua siku hizo vizuri, waulizeni.

Nyie wenzangu mnafanyaje?

*Msimbati:*
Nakuunga mkono. Huku kwenye hifadhi ya bahari, ninayempenda kuliko wote ni yule mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, mla kaa. Kaa mdogo anammeza mzima, mkubwa anamdonoa kwanza mpaka avunjike. Huyu joto halimtishi hata kidogo. Anazalia kwenye fukwe na visiwa vya Uarabuni na Somalia, anachimba shimo mchangani, anataga yai moja jeupe, na joto la mchanga linamsaidia kuliatamia.

*Rutamba:*
Kaka, ziwani hakuna bamvua! Huku kwetu ni alfajiri tu. Saa kumi na mbili uwe umeshakaa, saa tatu jua limekufukuza. Ila ukivumilia kidogo utaona namna wanavyojipoza. Mnandi anafungua mdomo na koo linatetemeka bila kukoma. Korongo anajinyea miguuni makusudi. Kile kinyesi cha majimaji kikikauka kinampunguzia joto, ndiyo maana miguu yake inakuwa na utando mweupe.

Halafu kuna yule wa hudhurungi, vidole virefu ajabu, anayetembea juu ya majani ya yungiyungi. Kwao anayelea ni baba. Nilimkuta amesimama kimya, chini ya mabawa yake inaning'inia miguu mingine, myembamba kama nyuzi. Kipanga alipokwisha kupita, akafungua mabawa wakashuka watoto wawili, wakaanza kudonoa wadudu kwenye majani. Nilisahau jua kabisa.

Msiingie majini bila kuwauliza wenyeji.

*Kilwa Masoko:*
Mimi naomba jambo moja. Mkimwona sululu, msimwache anaporuka: tazameni kwapani. Wa kawaida wana michirizi. Kuna jamii ya sululu wanaozalia kwenye nyika za majani za Kazakhstan na Urusi, kwapa zao ni nyeupe pee. Walishahesabiwa wametoweka duniani, lakini mwaka 2016 wakaonekana Maputo. Msumbiji ni ng'ambo tu ya Ruvuma, na pwani ni hiihii moja. Sioni kwa nini asitue kwetu, na inaniuma kufikiri kwamba pengine anapita kila mwaka hakuna aliyeangalia.

*Mikindani:*
Samahani wakubwa, mimi ndio naanza, sina darubini. Nije tu?

*Mwanzisha mada:*
Njoo, mdogo wangu. Bamvua ya mwezi mwandamo nitakuwa hapohapo Mikindani upande wa mikoko, darubini ipo moja, tutapokezana. Kofia, maji ya kunywa ya kutosha, na nguo isiyong'aa. Ndugu wa Kilwa, umenipa kazi: yeyote atakayepata picha ya kwapa, hata ya simu, aiweke hapa pamoja na tarehe na mahali.