Mifuko mbadala imejaa nyumbani na bado tunanunua mingine: tufanyeje?

Mkazi wa Tabata (mwenye swali)

Ndugu zangu, salaam. Nina jambo la nyumbani ambalo kwa kulitazama haraka laweza kuonekana dogo, lakini limenisumbua kwa muda mrefu, na ningependa kupata ushauri wa watu wanaolitenda kila wiki.

Jumamosi iliyopita nilisafisha kabati la jikoni na kutoa humo mifuko mbadala, ile ya kitambaa chepesi inayouzwa madukani na sokoni. Niliihesabu mmoja mmoja nikapata 43, na mingi kati ya hiyo bado ina mikunjo yake ya dukani, maana imetumika mara moja tu. Marufuku ya mifuko ya plastiki ilipoanza Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019 niliiunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu nyumba yetu iko kando ya mtaro, na kila masika tulikuwa tunazoa mifuko ya rambo kwa reki ndipo maji yapate njia. Mtaro wetu sasa una nafuu kubwa. Hata hivyo, nikiitazama ile mifuko 43 naona kwamba nimebadilisha mfuko na kuiacha tabia ileile: natoka kazini, napita sokoni mikono mitupu, nanunua mfuko, nafika nyumbani, nautupia kabatini.

Nina maswali mawili. La kwanza ni kuhusu ubora. Mwezi uliopita mkono wa mfuko mpya kabisa ulinyofoka nikiwa nashuka kwenye daladala, na kilo mbili za sukari zikamwagika kituoni mbele ya watoto wangu. Nitautambuaje mfuko utakaodumu, na vitu vyenye majimaji kama samaki na nyama nivibebe kwa kitu gani? La pili ni kuhusu mazoea. Kwetu wanaokwenda kununua vitu ni wengi: mimi, mke wangu, binti anayetusaidia kazi, na watoto wanaotumwa gengeni kuleta fungu la nyanya. Watoto hao hurudi na ile mifuko miepesi inayopitisha mwanga, isiyo na mikono, ambayo inaruhusiwa kuwa vifungashio tu na wala haikukusudiwa kubebea. Nawezaje kuifanya nyumba nzima itoke na mfuko bila mimi kusimama mlangoni kuwakumbusha?

Fundi cherehani, Tanga

Ndugu yangu wa Tabata, pole kwa sukari. Nimeshona na kurekebisha mifuko mingi tangu mwaka huo wa 2019, kwa hiyo nijibu upande wa ubora.

Kwanza fahamu kwamba kitambaa cha mifuko hiyo si pamba. Ni polipropilini, plastiki ya jamii moja na ile ya viroba vya sukari na mchele, isipokuwa nyuzi zake hazikufumwa, zimegandamanishwa kwa joto. Wateja wangu wengi hushangaa wakisikia hivyo, kwa kuwa waliamini wameachana na plastiki kabisa. Ndiyo sababu mfuko ulioanikwa juani kwa miezi mingi huanza kukatikakatika na kuacha unga mkononi, na unga ule ni vipande vidogo vya plastiki vinavyokwenda ardhini na majini. Ufue kwa maji ya kawaida na sabuni, uanike kivulini, na usiupige pasi kwa sababu utayeyuka.

Kwa viwango vya nchini kwetu, kitambaa hicho kinatakiwa kiwe na uzito usiopungua gramu 70 kwa kila mita moja ya mraba, na wauzaji hukiita GSM 70. Mnunuzi hana mzani wa kupimia hilo sokoni, lakini ana macho na vidole. Ukiuinua mfuko kwenye mwanga na kuona vidole vyako vizuri upande wa pili, uache. Kisha ugeuze ndani nje, utazame mahali mkono unapoungana na mfuko. Mingi imebanwa kwa joto tu, hakuna uzi, na hapo ndipo sukari yako ilipomwagikia. Mkono mzuri umeshonwa kwa mraba wenye msalaba katikati, ili uzito ugawanyike kwenye mistari sita ya uzi badala ya kuning'inia kwenye mmoja.

Usiitupe hiyo 43. Ipeleke kwa fundi yeyote wa mtaani, akupigie mshono huo kwenye kila mkono. Ni kazi ya dakika chache kwa kila mfuko. Kwa mizigo mizito, kama viazi, unga na mafuta ya kupikia, chukua kiroba kitupu cha mchele wa kilo 25, kikate kwa kimo unachotaka, kunja ukingo wa juu mara mbili kwa kuwa ukikunja mara moja nyuzi zitafumuka, halafu zungushia mkanda mpana unaopita chini ya kitako cha mfuko na kupanda pande zote mbili. Mkanda ukipita chini, mzigo haukai tena kwenye mshono, unakaa kwenye mkanda wenyewe. Mimi natumia vipande vya suruali kuukuu za jinzi. Mfuko wangu wa namna hiyo una miaka minne sasa.

Muuguzi mstaafu, Morogoro

Naomba nigusie samaki na nyama, kwa sababu hapo naona watu wanajidhuru bila kujua.

Damu na maji ya nyama yakishaingia kwenye kitambaa cha mfuko hayaondoki kwa kukauka. Kesho yake mfuko huohuo unabeba mchicha, nyanya na maembe ambayo mtoto atakula yakiwa mabichi. Watafiti wa vyuo vya Arizona na California nchini Marekani waliwahi kukusanya mifuko 84 kutoka kwa wanunuzi wa kawaida, wakakuta bakteria karibu katika mifuko yote, na asilimia 8 ya mifuko ilikuwa na E. koli, bakteria wanaoishi matumboni na kutoka na kinyesi. Karibu wote walioulizwa walisema hawaifui kamwe. Katika uchunguzi huohuo, mfuko wenye maji ya nyama ulipoachwa kwenye buti ya gari kwa saa mbili, bakteria waliongezeka mara kumi. Ilipofuliwa, bakteria walipungua kwa zaidi ya asilimia 99.9, na jambo hilo linanitia moyo sana, kwa maana dawa yake ni sabuni ambayo kila nyumba inayo.

Kwa hiyo nyama na samaki visiingie mfukoni moja kwa moja. Mimi huenda buchani na ndoo ndogo yenye mfuniko. Mwuzaji anaiweka tupu kwenye mzani kwanza, anaurudisha mzani kwenye sifuri, ndipo anatia nyama. Kama mzani wake ni wa mawe, namwomba apime nyama kwanza kisha aimimine ndooni. Mara ya kwanza alinitazama kwa mshangao. Siku hizi ananyoosha mkono kuipokea ndoo kabla sijasema kitu. Kwa wanaonunua samaki Feri, lile soko la samaki la Dar es Salaam, ndoo hiyohiyo inafaa zaidi, kwa sababu ukishapaliwa samaki wako na kuoshwa, unaondoka na barafu yako humo humo bila kumlowesha abiria mwenzako kwenye daladala.

Mfuko mmoja utenge kwa vitu vibichi vya majimaji pekee, uutie alama ya uzi mwekundu ili hata mtoto autambue, na uufue kila unaporudi.

Mkaazi wa Unguja

Assalaam alaykum. Huku kwetu Zanzibar mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu mwaka 2006, miaka mingi kabla ya Bara, na mimi nilikuwa mtu mzima wakati huo. Wengi walililia urahisi uliopotea, lakini wazee wetu walitukumbusha kwamba wao walikwenda sokoni miaka yote kabla mifuko hiyo haijaletwa.

Mama yangu alikuwa na kikapu cha ukili. Kwa asiyejua, ukili ni ule ukanda mrefu unaosukwa kwa chane za miyaa au ukindu, kisha ukashonwa ukizungushwa kuanzia kitako hadi mdomoni, hivyo kikapu kizima ni ukanda mmoja usiokatika. Kinapitisha hewa, kwa hiyo mboga hazivundi ndani yake, na kikianza kuachia unakishona mahali palipoachia pekee. Adui yake ni unyevu wa kulala: ukikiacha kimelowa usiku kucha kinaota ukungu. Samaki hawakutiwa humo. Walitungwa kwa ukuti, ukashika mtungo wako mkononi mpaka nyumbani. Kama kuna mzigo wa ghafla, mathalani maembe ya kumpelekea jirani, ulisukwa pakacha la kuti bichi papo hapo chini ya mnazi, na likishatumika likarudi shambani kuoza.

Kuhusu swali lako la pili, nadhani jibu liko kwenye mahali kikapu kilipokaa. Kilitundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa uani, na pesa za soko zilitiwa ndani yake. Mtoto aliyetumwa hakuambiwa "chukua kikapu", aliambiwa "pesa zimo kikapuni". Hakuweza kuondoka bila hicho kikapu kwa kuwa hakuwa na cha kununulia. Jaribu hilo kabla hujafikiria jambo jingine lolote. Mifuko iliyomo kabatini imefichwa, na kitu kilichofichwa hakikumbukwi na mtu mwenye haraka.

Mwanafunzi wa mazingira, Dodoma

Nashukuru kwa maelezo ya wazee wangu. Naongeza hesabu kidogo, kwa sababu naogopa ndugu yetu wa Tabata anaweza kusoma hapa kisha akaenda kununua mifuko mizuri ya pamba na kuiacha ile 43.

Mwaka 2011 Wakala wa Mazingira wa Uingereza ulilinganisha mifuko tangu inapotengenezwa hadi inapotupwa, ukitazama joto la dunia. Ili athari yake isizidi ile ya mfuko mwepesi wa plastiki uliotumika mara moja, mfuko wa karatasi ulitakiwa utumike mara 3, wa polipropilini mara 11, na wa pamba mara 131, kwa sababu pamba hutaka mashamba, maji, mbolea na viwanda. Mwaka 2018 taasisi ya mazingira ya Denmark ilipoingiza athari nyingine, ikiwemo ile ya tabaka la ozoni, ikapata kwamba mfuko wa pamba ya kawaida ungehitaji kutumika hadi mara 7,100. Namba hiyo hutajwa sana na watu wanaotaka plastiki irudi, nami siwaungi mkono, kwa kuwa hesabu hizo hazikuingiza mfuko uliotupwa ukaziba mtaro au ukaliwa na ng'ombe, na kwetu hayo ndiyo madhara tuliyoyaona kwa macho. Ila zinatuambia jambo la kweli: mfuko wowote mpya una deni, na deni hulipwa kwa safari.

Ukienda sokoni mara mbili kwa wiki, mfuko wa polipropilini unalipa deni lake kabla ya wiki sita kwisha. Mifuko 43 kwa safari 11 kila mmoja ni safari 473. Ukibeba mmoja kila safari, hiyo ni zaidi ya miaka minne na nusu ya kwenda sokoni bila kununua mfuko mwingine hata mmoja.

Mkazi wa Tabata

Nimerudi baada ya wiki tatu kuwashukuru na kutoa taarifa.

Mifuko 12 imepigiwa mshono wa msalaba na fundi wa hapa mtaani. Sita nimempa mama mwenye genge, awaazime watoto wanaokuja mikono mitupu, na kufikia jana minne ilikuwa imerudi kwake. Mmoja nimeukunja na kuuweka kwenye begi langu la kazini, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mnunuzi mkubwa wa mifuko katika nyumba hii. Iliyobaki imekunjwa ndani ya boksi, ikisubiri ya mbele yake ichakae.

Nyuma ya mlango nimepigilia msumari, na pesa za genge sasa hulala ndani ya mfuko uliotundikwa hapo. Siku ya pili mwanangu wa miaka minane alitoka nao mbio bila kukumbushwa na mtu, akarudi na nyanya zimo mfukoni bila kifungashio chochote, na chenji ikiwa chini ya nyanya. Samaki bado ni kazi, maana binti anayetusaidia anaona aibu kupanda daladala na ndoo. Jumapili hii nitakwenda naye Feri, na ndoo nitaibeba mimi.