Conservative, mtamfuata Farage mpaka lini?

Wakuu, leo niacheni niongee. Mimi Mtanzania, nipo Maidenhead, Uingereza, na kwa kuwa raia wa Jumuiya ya Madola tukiishi huku tunaruhusiwa kupiga kura, hiki chama cha Conservative nimekipigia tangu David Cameron akiwa waziri mkuu. Nilikipendea kitu kimoja: hakikuwa na papara. Kodi nafuu, mambo yabadilike taratibu, basi.

Sasa tazameni. Uchaguzi wa 2019 viti 365 bungeni. Julai 2024 viti 121! Na vimekwenda wapi? Witney aliyoishika Cameron, Maidenhead hapa kwetu alipokuwa Theresa May, Henley alikopitia Boris Johnson, majimbo ya mawaziri wakuu wenu watatu, yote chama cha Liberal Democrats kimebeba. Haya ni majimbo ya watu wenye nyumba zao na bustani zao, wasiopenda makelele. Hawakumpa Nigel Farage, yule kiongozi wa chama cha Reform anayepiga kelele za uhamiaji, ng'o! Farage siku hiyo alipata viti 5 nchi nzima, lakini wakubwa wa chama kila wakiamka ni yeye tu. Oktoba 2025 kiongozi wenu Kemi Badenoch naye katangaza kwamba akishinda ataitoa Uingereza kwenye Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu, wimbo ambao Farage ameuimba siku nyingi. Anayetaka pilipili atakwenda kwa muuza pilipili mwenyewe, si kwenu. Kent mmeiona Mei 2025? Halmashauri yenu hiyo, Reform wameizoa.

Kinachonichefua zaidi ni uhamiaji. 2010 mliahidi kuushusha, yaani wanaoingia ukitoa wanaoondoka, hadi makumi ya maelfu kwa mwaka. Mwaka ulioishia Juni 2023 ukapita laki tisa! Na milango mlifungua wenyewe, nyumba za wazee hazikuwa na wafanyakazi. Halafu Machi 2024 mkageuka: mlezi wa wazee anayeomba viza asije na mume wala mtoto. Mtajiteteaje hapo? Anayechukia wageni hamkumridhisha, na anayewaogesha mama zenu mmemtenga na mwanawe.

Ya ule mpango wa kuwapeleka waomba hifadhi Rwanda sijui niyasemeje. Pauni milioni 700 zimeteketea, waliopanda ndege wanne, tena kwa hiari yao. Mweka hazina wa kikoba angefanya hivyo, angelala ndani.

Juzi kijana wa kampeni wa Conservative kanigongea mlango. Nikamuuliza kwa upole, mdogo wangu, chama chenu siku hizi kinasimamia nini? Akaanza kunieleza ubaya wa Farage. Dakika kumi nzima. Nikamwambia chai yangu inapoa, nikafunga mlango.