Giaboksi ya Noah inakufa mara kwa mara njia ya Marangu: tatizo liko wapi?

kiboriloni_juu

Habari za leo wakuu. Naomba ushauri kabla familia haijaingia tena kwenye gharama.

Gari ni Toyota Noah AZR60 ya 2005, injini 1AZ-FSE, inavuta kwa mbele, giaboksi ni CVT (haina gia za hatua, inatumia puli na mkanda). Siku za kazi inazunguka Moshi mjini, wikiendi inapanda Marangu ikiwa na watu saba na mizigo. Giaboksi iliyokuja na gari ilikufa, ikafungwa ya mtumba, nayo ikafa. Sasa iko ya pili ya mtumba na dalili ni zilezile: ukitoka Himo kupandisha Marangu Mtoni, RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) inafika 4,000 lakini mwendo hauongezeki, na kuna mlio mwembamba wa kulia. Ikipoa inarudi kuwa nzuri. Asubuhi ukiweka R inakawia kushika. Mashine ya kusoma hitilafu imetoa kodi P0746.

Mambo mengine: oili iliyowekwa ni ATF nyekundu (oili ya giaboksi za otomatiki za kawaida), nikaambiwa zote ni sawa. Rejeta ni ileile tangu mwanzo. Themostati (valvu inayozuia maji ya injini mpaka yapate joto) ilitolewa zamani gari lilipochemsha na haikurudishwa. Je, nitafute giaboksi ya tatu, nifungue hii, au nihamie kwenye giaboksi ya gia nne?

SpanaKumi

Mkuu, usinunue ya tatu kwanza. Inawezekana kabisa hizo mbili za mtumba zilifungwa zikiwa nzima, na kinachoziua ni vitu vilivyobaki kwenye gari. Umevitaja vyote mwenyewe: oili, rejeta, themostati. Naanza na oili kwa sababu hiyo peke yake inatosha kuua CVT.

Ndani ya CVT kuna puli mbili na mkanda wa chuma wa mamia ya vipande vidogo vilivyopangwa kwenye pete nyembamba. Nguvu yote ya injini inapita pale chuma kinapobanwa na chuma, katikati kukiwa na utando wa oili. Oili ya CVT imetengenezwa ili utando huo ushike. ATF imetengenezwa kwa ajili ya klachi pleti za giaboksi ya kawaida, ina viungo vinavyolainisha mguso, na kwenye CVT ulaini huo ndio unaofanya mkanda uteleze. Mkanda ukiteleza chini ya mzigo, puli inachubuka. Unga wa chuma unasafiri na oili hadi kwenye valvu bodi (inayogawa presha ya oili), solenoidi, yaani valvu yake ya umeme, inakwama, presha inashuka, mkanda unazidi kuteleza. P0746 inasema hilohilo: solenoidi ya presha A haifanyi kazi inavyotakiwa au imekwama. Anayekusomea kodi hiyo akakuuzia solenoidi tu, anabadilisha kilichoumizwa na kumwacha aliyeumiza.

Hakikisha aina ya giaboksi kwa macho yako. Fungua boneti, tafuta bamba la chuma lenye namba ya chesisi, soma mstari wa trans/axle. Ikianza na K1 ni CVT, ikianza na U ni ya gia nne. Noah hizi zilitoka na gia nne mwanzoni na zikaanza kupewa CVT baada ya marekebisho ya 2004, kwa hiyo usiamini mwaka wala maneno ya muuzaji. CVT ya kizazi hicho inatumia Toyota CVT Fluid TC. Gia nne inatumia ATF Type T-IV. Hazibadilishani hata kwa siku moja.

Sasa fungua sampu (bakuli la oili chini ya giaboksi), gari likiwa kwenye stendi imara, usilale chini ya jeki peke yake. Kwenye sampu utakuta sumaku. Uji wa kijivu laini unaopakaa kidoleni kama grisi ni uchakavu wa kawaida. Ukikuta vijiti, magamba au punje zinazochoma kidole, mkanda au puli imeshaliwa, na hapo hakuna oili itakayoiponya.

Ukikuta uji tu, bado kuna tumaini. Safisha sumaku, badilisha filta na gasketi. Boliti za sampu ni ndogo, zinabanwa kwa Nm 7 hadi 8, tena kwa kupishana, maana uzi wa aluminiamu unakatika kirahisi. Oili inayotoka kwa kufungua nati ya chini mara nyingi ni lita 3 hadi 4, nyingine inabaki kwenye konveta (kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi) na njia zake. Kwa hiyo mwaga, pima kilichotoka kwa chupa yenye vipimo, rudisha kiasi kilekile, pitisha P, R, N, D injini ikiwa sailensa (inawaka bila kukanyaga mafuta), ukipumzika sekunde chache kila sehemu, kisha endesha kilomita 10 hadi 15 za tambarare. Rudia mpaka jumla ya mara tatu. Andaa lita 12. Ni oili nyingi, ila ndiyo njia ya kuitoa ATF bila kushusha giaboksi.

sakina_baridi

Nakubaliana na SpanaKumi kuhusu oili. Naongeza rejeta na themostati, kwa sababu hapa Arusha na Moshi ndipo giaboksi nyingi zinapomalizwa.

Oili ya giaboksi inapozwa na maji ya injini. Kwenye gari nyingi kipoza kiko ndani ya tenki la rejeta, paipu mbili zinatoka kwenye giaboksi kwenda pale. Nyingine zina kipoza kidogo kilichofungwa kwenye giaboksi yenyewe, chenye mipira ya maji. Fuata paipu zako ujue uko upande gani. Giaboksi ya kwanza ilipokufa ilisukuma chembe za chuma mle ndani. Ukafunga nyingine, ukawasha gari, na chembe zilezile zikarudi kwenye giaboksi safi. Ndiyo maana ya pili inakufa kwa dalili za ya kwanza.

Wengi wanapuliza kipoza kwa kompresa na petroli kisha wanasema kimesafika. Mimi sikubali. Ndani kuna mapezi madogo ya kuvurugisha oili, na chembe zinanasa humo. Zaidi ya hapo, petroli na joto la gereji ni hatari ya moto. Giaboksi ikishatoa magamba, badilisha rejeta au kipoza, usioshe.

Kuna jambo jingine la kutazama leo hii. Fungua kifuniko cha tenki la akiba la maji injini ikiwa baridi. Maji yakiwa na utando wa oili, au oili ya giaboksi ikiwa na rangi ya maziwa ya waridi, kipoza kimetoboka ndani na maji yameingia kwenye giaboksi. Ili kuhakikisha, toa rejeta, ijaze maji, ziba tundu moja la kipoza, ingiza upepo wa bar 2 hadi 3 kwenye lingine. Mapovu yakitoka kwenye maji, hiyo rejeta haina kazi tena.

Themostati inaniuma zaidi kwa sababu watu wanaona kuitoa ni msaada. Ya injini hii inaanza kufunguka karibu nyuzi 82. Ukiitoa, maji hayafiki joto lake, hasa asubuhi za Juni na Julai huku kwetu na kwenye miteremko. Komputa ikiona injini ni baridi, hairuhusu klachi ya ndani ya konveta ifunge. Konveta ikibaki wazi inasukuma oili kwa oili muda wote, na tofauti hiyo ya mizunguko inageuka joto moja kwa moja. Kwa hiyo injini inaonekana baridi kwenye geji huku giaboksi inaungua. Rudisha themostati ya nyuzi zilezile, halafu tafuta sababu halisi ya gari kuchemsha: rejeta iliyoziba, feni isiyowaka, kifuniko kisichoshika presha, au maji ya bomba yaliyotumika miaka bila kulanti.

Kwa kazi yako ya kupanda Marangu na watu saba, funga na kipoza cha ziada cha upepo mbele ya kondensa ya AC. Kiwe baada ya kile cha rejeta, ili oili ipite kwenye maji kwanza kisha upepo. Tumia mpira wa oili ya giaboksi, usitumie wa maji wala wa petroli, maana utavimba na kuchomoka. Pima paipu kabla ya kununua, mara nyingi ni milimita 8 au 10 kwa ndani.

kiboriloni_juu

Asanteni sana wakuu. Sampu imefunguliwa, sumaku zina magamba yanayong'aa, mengine marefu kama kucha. Maji ya rejeta ni safi, hayana oili. Kwa hiyo hii imekufa. Nikienda kununua nyingine niangalie nini, na lile wazo la gia nne mnalionaje?

puli_na_mkanda

Pole ndugu. Kuhusu gia nne, achana nalo. Komputa ya gari lako inategemea sensa na solenoidi za CVT. Ukifunga gia nne lazima ubadilishe komputa, waya, leva, maunti na pengine akseli, na kosa dogo linawasha taa kila siku. Pesa hiyo inatosha CVT nzuri, rejeta mpya na oili sahihi.

Dukani, iwe Unga Limited ya Arusha au ukiagizia Dar, linganisha kodi ya bamba lako na ile iliyopigwa kwenye giaboksi, herufi kwa herufi. Chukua iliyokamilika: konveta yake, valvu bodi yake, soketi ya waya yake. Usikubali konveta yako ya zamani irudi, kwa kuwa imejaa chuma kilekile na haifunguki kuoshwa. Omba sampu ifunguliwe mbele yako kabla ya kulipa, na muuzaji akikataa tafuta mwingine. Oili yenye harufu ya kuungua, achana nayo. Garantii iandikwe kwenye risiti na ianze siku gari linatembea, isianze siku ya kununua.

Sasa ufungaji, ambako giaboksi nzima hufa kabla hata ya kutoka gereji. Konveta lazima iingie mpaka mwisho kwenye pampu, ukiizungusha huku unasukuma utasikia ikidondoka kwa hatua. Baada ya giaboksi kugusa injini na boliti za hausingi kubanwa, konveta inatakiwa iwe huru kuzungushwa kwa mkono, na kuwe na nafasi ya milimita chache kati yake na pleti ya injini. Fundi akitumia boliti kuvuta hausingi ifunge pengo, simamisha kazi hapohapo. Konveta haijakaa, na pampu itavunjika injini ikiwaka. Hakikisha pini mbili za kulengesha kati ya injini na giaboksi zipo, huwa zinabaki kwenye giaboksi ya zamani. Waya wa athi wa giaboksi urudishwe ukiwa umesuguliwa, maana athi mbovu inaleta kodi za solenoidi kwenye giaboksi ambayo haina kosa.

Kipimo cha oili ndicho cha mwisho. Kama ina dipstiki, pima injini ikiwa inawaka, leva iko P, oili ikiwa nyuzi 70 hadi 80, usome alama ya HOT. Kama haina, ina nati ya kufurika: gari liwe sawa pande zote, oili iwe kwenye joto lililoandikwa kwenye kitabu, kwa nyingi ni kati ya nyuzi 35 na 45, fungua na uache mpaka itiririke kamba nyembamba. Ikizidi ni mbaya kama ikipungua, kwani inapigwa povu, na povu halibebi presha.

sakina_baridi

Nyongeza kwa uendeshaji. Ukianza kupanda baada ya Himo, toa D uweke masafa ya chini (alama ya leva iliyo chini ya D), zima AC kwenye mwinuko mkali, usishikilie gari kwenye mlima kwa pedali ya mafuta, tumia breki. Kushuka pia tumia masafa ya chini. Usiweke R gari likiwa bado linasogea mbele.

Ikikataa njiani, gari la kuvuta kwa mbele linyanyuliwe magurudumu ya mbele. Kulikokota kwa kamba mpaka Moshi huku tairi za mbele zinazunguka ni kuimaliza, kwa sababu pampu ya oili inazungushwa na injini, na injini imezimwa.

SpanaKumi

Baada ya safari ya kwanza ya Marangu iache ipoe, pima oili upya, kagua kila kibano cha mpira. Ikifika kilomita 1,000 fungua sampu tena uone sumaku. Tuwekee picha hapa.