Darasa letu lina mwangwi, nianzie wapi?

Wakuu, nafundisha chuo cha ufundi hapa Morogoro. Tumepewa ghala la zamani liwe darasa la wanafunzi 40: sakafu ya saruji, kuta tupu, bati bila dari. Nikisema "sitini", wa nyuma wanaandika "tisini", na kwenye vipimo hilo ni kosa kubwa. Mvua ikinyesha ndiyo basi, naandika ubaoni tu. Inaniuma. Fedha ni kidogo.

Fundi seremala: Anza na dari, mwalimu. Softibodi, yaani ubao laini wa nyuzi zilizoshindiliwa, inanyonya sauti kuliko jipsamu, na joto la bati litapungua. Ziba kwanza matundu ya bati, softibodi ikilowa inabonyea.

Msanifu: Trei za mayai ambazo watu hubandika ukutani kupunguza mwangwi, achana nazo, zinashika moto haraka. Ukuta wa nyuma ndiko sauti inakogonga na kukurudia. Tundika mbao za matangazo za softibodi. Mkitoboa madirisha, yawe kaskazini na kusini. Jua la magharibi litawachoma kila alasiri.

Muuliza swali: Ahsanteni sana. Ukuta wa nyuma sikuwa nimeufikiria kabisa. Jumamosi natundika mablanketi mazito pale, kisha nasoma vipimo kwa sauti, mwanafunzi mmoja akiandika kule nyuma. Nitaleta majibu.