Binti yangu kamchora bibi yangu kwenye njia pana. Naombeni ushauri

Mjukuu wa Muheza (mleta mada)

Habari za humu wakuu. Uzi ni mrefu kidogo, mnivumilie.

Nina miaka 38. Nimeokoka tangu nikiwa kidato cha pili. Kanisani kwetu hapa Dar niko timu ya sifa, na maombi ya akina mama ya Alhamisi naongoza mimi. Mume wangu ni mzee wa kanisa. Nayasema haya mjue siongei kama mtu wa pembeni.

Nimelelewa Muheza na bibi mzaa mama. Bibi alikuwa Muislamu wa swala tano. Mama aliokoka ukubwani, akanipeleka kanisani, halafu akaenda kutafuta maisha akaniacha pale. Tangu hapo aliyekuwa ananiamsha Jumapili niende kanisani ni bibi. Gauni langu analinyoosha kwa pasi ya mkaa, kila dakika anaitoa nje kupuliza majivu yasije yakachafua kola. Nikiwa mlangoni anafungua pindo la kanga, anatoa shilingi ishirini: "Hii ya Mungu. Usinunulie ubuyu." Nikijifanya tumbo linauma ananiangalia tu, mwenyewe navaa viatu.

Bibi amefariki wiki tatu zilizopita. Tulimzika siku ileile baada ya alasiri. Kutoka kanisani walikuja wawili, nawashukuru. Jumapili iliyofuata mchungaji akasema madhabahuni, bila kutaja jina, kwamba wapo wanaolia misibani kumbe hawakuwashuhudia ndugu zao kwa wakati, na damu yao itadaiwa mikononi mwao. Watu wakaitika amina. Na mimi niliitika, mdomo ulishazoea.

Jumapili iliyopita binti yangu wa miaka tisa karudi na mchoro wa shule ya Jumapili. Mnaujua ule wa njia mbili, nyembamba ina msalaba, pana ina baa na disko na mwisho wake moto. Kwenye njia pana amemchora mtu mmoja tu. Amevaa kanga na ushungi, na ameshika pasi. Akaniuliza, "Mama, bibi mkubwa kule moto unamuunguza sasa hivi au mpaka kiama?"

Sikumjibu. Nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa visafi.

Wakuu, simwachi Yesu. Nampenda. Ila naona kama namna niliyofundishwa kumpenda ilikuwa na fimbo nyuma ya mlango. Kuna Mungu aliyempa bibi moyo ule wa kunipeleka nyumbani Kwake kila Jumapili, halafu amchome? Nikiimba sifa sasa hivi sauti inatoka, mimi sipo. Mume wangu hajui lolote. Nimwambie? Nimjibu nini mtoto? Na kuna mtu humu aliyepita hapa akabaki na imani?

---

Kijiko cha Mbao

Nimekaa siti ya mbele. Mod usiuhamishe huu uzi.

---

Askari wa Zamu

Dada pole kwa msiba, lakini tusidanganyane. Yohana 14:6, "mtu haji kwa Baba, ila kwa njia ya mimi." Matendo 4:12, "Wala hakuna wokovu katika mwingine awaye yote." Hisia hazibadilishi Neno. Shetani hupitia hapohapo penye uchungu. Ukianza kusema bibi yuko salama, kesho utamwambia nani aokoke? Funga siku tatu, hiyo hali itaondoka.

---

Mama Pacha wa Eldoret

Pole sana dadangu. Nakuandikia kutoka Kenya, nami nimepita hapo ulipo, ingawa yangu ilianza na kakangu aliyejitoa uhai.

Wacha nikwambie kosa langu. Nilisimama wakati wa ushuhuda, mbele ya watu mia mbili, nikasema siamini tena kwamba kakangu yuko motoni. Nilidhani ni ujasiri. Kufika jioni nilikuwa nimetolewa kwenye grupu la WhatsApp la akina mama. Miezi miwili baadaye mtoto akalazwa, na wale waliokuwa wakileta uji kwa kila mgonjwa hawakuleta kwangu. Kanisa ni michango ya mazishi, ni mtu wa kukuachia watoto, ni fundi wa bei nafuu. Ukitoka unatoka kwenye hayo yote kwa mpigo. Kuwaza sikukosea, nilikosea mahali pa kusemea.

Kwa hivyo mume kwanza. Usiku, taa imezimwa, na usianze na mafundisho. Anza na pasi.

Imani nilibaki nayo. Siku hizi niko ACK, Anglikana wa Kenya, mahubiri dakika kumi na tano, halafu chai. Mwanzoni nilikuwa nadhani hawa watu hawajaokoka. Sasa nadhani wamechoka tu kupiga kelele.

---

Karani wa Mitume

Mleta mada, nilisoma teolojia na nimetumika usharikani miaka kadhaa, nikuongezee kitu kwenye huo mchoro.

Neno jehanum, ambalo Biblia yetu na Waislamu wote tunalitumia, chimbuko lake ni bonde la Hinomu, nje kidogo ya Yerusalemu. Yeremia 7 inasema watu walikuwa wanawachoma watoto wao humo, na Mungu anasema jambo hilo hakuliagiza wala halikuingia moyoni mwake. Soma tena hapo. Mahali palipokuja kuwa picha ya moto wa milele, kwa Yeremia ni mahali ambapo Mungu anachukizwa na watu kuchomwa.

Kuna neno lingine, kuzimu. Wengi tukilisikia tunaona moto na mapembe. Lakini lisikilize kwa masikio ya bibi zetu: ku-zimu, waliko mizimu, waliko wahenga. Watafsiri walilichukua kwa ajili ya Sheoli ya Waebrania, mahali pa wafu wote, wema kwa wabaya. Yakobo mwenyewe anasema atashuka huko akimlilia Yusufu. Ni sisi wahubiri wa spika kubwa tuliokuja kupawasha moto.

Na asikudanganye mtu kwamba tumaini la wote ni mambo ya Wazungu wa juzi. Origene alifundisha Alexandria, hapa hapa Afrika, karne ya tatu, kwamba mwishowe Mungu atavirejesha vyote Kwake. Ni kweli mafundisho yaliyobeba jina lake yalilaaniwa Konstantinopoli mwaka 553. Lakini Gregori wa Nyssa, aliyetumaini jambo linalokaribiana sana na hilo, mpaka leo ni mtakatifu kwa mashariki na magharibi. Maana yake suala hili lina ukumbi mpana kuliko chumba ulichofungiwa.

@Askari wa Zamu, mistari yako ni Neno. Na 1 Timotheo 4:10 pia ni Neno: "Mungu aliye hai, aliye Mwokozi wa watu wote, hasa wa waaminio." Hiyo "hasa" imeninyima usingizi mara nyingi. Hakusema "tu".

---

Askari wa Zamu

@Karani wa Mitume ndiyo maana makanisa yenu yamepoa. Waebrania 9:27, baada ya kufa hukumu. Nimemaliza.

---

Karani wa Mitume

Hukumu naiamini. Nauliza tu hakimu ni nani. Ibrahimu alimuuliza Mungu usoni, "Mhukumu ulimwengu wote asitende haki?", na hakupigwa radi.

---

Rozari Mfukoni

Sisi Wakatoliki mnatucheka kwa mengi ila hili tulishalimaliza kwenye Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Hati ya 1964 kuhusu Kanisa inasema hata asiyeijua Injili bila kosa lake, akimtafuta Mungu kwa moyo mnyofu, anaweza kuupata wokovu. Na inawataja Waislamu kwamba wanamwabudu nasi Mungu mmoja. Nenda kasome.

---

Kinyozi wa Ngamiani

Dada yangu mimi ni Muislamu, niko Tanga mjini. Innalillahi wainna ilayhi raji'un.

Usidhani fimbo nyuma ya mlango iko kwenu tu. Mimi shangazi yangu aliolewa na Mdigo mwenzetu aliyebatizwa, akamfuata kanisani, na alipokufa kuna ustadhi alitukataza hata kumuombea. Mama yangu hakubishana naye. Alimpa chai, akamsindikiza mpaka barabarani, akarudi akaomba. Huku kwetu nyumba moja ina msala na ina Biblia, na mchele wa Idi na wa Krismasi unapikwa sufuria moja. Wenye matatizo na hilo mara nyingi wametoka mbali, au wamekwenda mbali wakarudi.

Kuhusu mtoto, mwambie bibi yuko kwa Mwenyewe. Kiswahili kimeshamaliza. Tunasema "amerudi kwa Mola wake", hatusemi amerudi kwa moto.

---

Mwana wa Ngara

Nisimulie kidogo, inahusika.

Nimezaliwa Ngara. Aprili 1994 nilikuwa na miaka kumi na moja, na nilikuwa barabarani watu walipovuka daraja la Rusumo wakikimbia Rwanda. Robo milioni kwa muda wa siku moja hivi. Magodoro, mbuzi, kitanda cha mgonjwa, na barabara haina mwisho. Baadaye tukasikia habari za upande wa pili, kwamba watu walikimbilia makanisani wakauliwa humohumo, Ntarama, Nyamata. Nchi ambayo karibu kila mtu alikuwa amebatizwa. Kanisani kwetu mhubiri akaja kutuambia waliokufa bila kuokoka wameingia motoni. Nikawaza, kwa hiyo wametoka kwenye panga wakaingia kwenye moto? Nilikuwa mtoto, nikanyamaza.

Sasa niko Marekani, na huku ndiko nilikojua habari za Carlton Pearson, askofu wa Kipentekoste wa Tulsa, Oklahoma. Alikuwa mtoto wa kiroho wa Oral Roberts, kanisa lake lilikuwa na maelfu. Miaka ileile ya tisini alikuwa nyumbani na chakula chake mbele ya TV, mwanawe mchanga pembeni, akaona wakimbizi wa Rwanda. Akawa anajiuliza Mungu atawezaje kuwanyonya watu wale moja kwa moja mpaka motoni. Alisimulia kwamba akasikia ndani yake: hapo walipo ndiyo jehanamu, na ninyi ndio mnaoitengeneza. Alipoanza kuyahubiri hayo, mwaka 2004 maaskofu wenzake wa Kipentekoste wakamtangaza mzushi. Waumini wakaondoka, jengo likapotea. Amefariki 2023, na hakuyarudisha maneno yake.

Sikwambii umfuate. Mimi mwenyewe kuna mengi yake siyakubali, alipofika mwisho alikuwa ameshaenda mbali kuliko miguu yangu. Ila siku niliyosoma kwamba zile picha zilimvunja mtu huku, nililia kwenye maegesho ya kazini. Nilidhani ni mimi peke yangu niliyeuliza.

---

Kijiko cha Mbao

Nilikuja kula bisi. Sasa nafuta macho na shati.

---

Mzee wa Tukutendereza

Mwanangu, mimi ni mzee wa miaka 79, Kagera. Mjukuu ndiye ananiandikia.

Mimi ni tunda la uamsho. Ule uliowaka Gahini, Rwanda, miaka ya thelathini, ukaingia Uganda, ukavuka ukatufikia. Walokole. Wimbo wa Tukutendereza nimeimba kabla sijajua kusoma. Kwa hiyo mimi ni wa upande wa huyu kijana Askari. Naamini Yesu ndiye njia, na sitabadilika kwa umri huu.

Lakini namuuliza mchungaji wako jambo moja. Sisi tulifundishwa kutembea nuruni. Maana yake unasimama mbele ya ndugu unaungama dhambi zako: nimeiba kahawa ya ushirika, nimemchukia jirani. Dhambi zako. Sikuwahi kumwona mzee wa uamsho akisimama kuungama dhambi za marehemu, tena bibi wa mtu. Hiyo wameitoa wapi?

Bibi yako mkabidhi kwa Bwana. Mimi siwezi kukwambia yuko wapi, na asiyeweza anyamaze. Huyo mwalimu wa watoto zungumza naye kwa upole, moto si somo la mtoto wa miaka tisa.

---

Mjukuu wa Muheza (mleta mada)

Nimesoma yote, mengine mara mbili mbili. Shikamoo mzee wangu. Mama Pacha, nilikusikiliza.

Jana usiku nilimwambia mume wangu. Nilianza na pasi. Nikamweleza majivu, shilingi ishirini, ubuyu. Akacheka, kwa sababu bibi na yeye alimfanyia hivyohivyo: siku alipokuja kuleta barua ya posa alimwekea maji ya kunawa na kumuuliza, "Wewe mlokole, unaswali? Haya, mle kwanza." Halafu nikamwonyesha mchoro. Alikuwa hajauona.

Alikaa kimya muda mrefu mpaka nikadhani amelala. Mwisho akasema, "Mimi siwezi kusema kama wewe." Nikamwambia sijamwomba aseme kama mimi. Akawasha taa, akauchukua mchoro, akaukunja akauweka ndani ya Biblia yake. Sijui ameuweka ukurasa gani na sikumuuliza. Asubuhi alimpeleka mtoto shule mwenyewe, jambo ambalo si kawaida yake.

Mtoto nimemwambia bibi yuko kwa Mwenyewe. Akauliza, "Mwenyewe ni Mungu wa kanisani au wa msikitini?" Nikamwambia ni Yule ambaye bibi alikuwa anampa shilingi ishirini. Ameridhika kwa sasa. Ana miaka tisa, atarudi na swali lingine.

Alhamisi nimeomba mwenzangu anishikie zamu ya maombi. Timu ya sifa bado nipo, sijaamua.

---

Askari wa Zamu

Dada, msimamo wangu ni uleule. Lakini sikujua habari ya mchoro ilivyokaa, nilisoma harakaharaka. Mtoto hakustahili. Pole.

---

Kinyozi wa Ngamiani

Arobaini ni lini? Kutoka Tanga mpaka Muheza si mbali. Nikipata mtu wa kuniachia saluni nitakuja kwenye hitima.

---

Mjukuu wa Muheza (mleta mada)

Jumamosi ya wiki ya pili kuanzia sasa, baada ya adhuhuri. Nakutumia maelekezo inbox. Mume wangu amesema anakuja, na ameuliza kama avae kanzu au shati tu.

---

Kinyozi wa Ngamiani

Shati linatosha. Mwambie aje na njaa.