Raundi ya mwisho: timu 12, viwanja vitatu, mechi zote zianze pamoja?

Fundi_wa_Ratiba
Wadau, hamjambo. Ligi yetu ya mtaa hapa Eastlands ina timu 12, nyumbani na ugenini, yaani raundi 22, mechi sita kila raundi. Bingwa anapanda, mbili za mkiani zinashuka. Viwanja ni vitatu: viwili vya kaunti, na kimoja cha shule tunachopewa Jumapili pekee. Taa hakuna.

Kamati inataka mechi zote za raundi ya mwisho zianze pamoja kama Uingereza, ambako siku hiyo mechi zote kumi huanza saa kumi na mbili jioni kwa saa zetu. Mechi sita, viwanja vitatu: hesabu inakataa. Ni lazima zote kweli? Na mechi moja ikichelewa, zile nyingine zifanyweje?

KamishnaMezani
Si lazima zote. Cha lazima ni kwamba timu isiingie uwanjani, wala isimalize mechi, ikiwa tayari inajua matokeo ya timu inayoshindana nayo kwenye msimamo. Ukilishika hilo, mengine ni hesabu.

Watu hutaja Gijón, Kombe la Dunia la 1982 kule Hispania. Algeria waliifunga Chile 3–2 tarehe 24 Juni, kesho yake Ujerumani Magharibi na Austria wakaingia uwanjani wakijua kabisa kwamba Wajerumani wakishinda kwa bao moja au mawili, wote wawili wanapita. Hrubesch wa Ujerumani akafunga dakika ya 10, kuanzia hapo mpira ukafa. Ndiyo maana tangu Kombe la Dunia la 1986 mechi mbili za mwisho za kila kundi huanza pamoja.

Lakini kwa mwenye ligi, funzo kubwa liko Coventry, Uingereza, 19 Mei 1977. Coventry walikuwa nyumbani dhidi ya Bristol City, Sunderland wako kwa Everton, na mmoja kati ya hao watatu ndiye angeshuka. Kwenye ratiba mechi zilikuwa za muda mmoja. Ila ile ya Coventry ilicheleweshwa, ikidaiwa mashabiki bado wamekwama njiani. Coventry wakaongoza 2–0, Bristol City wakazirudisha zote. Kule kwa Everton mpira ukaisha, Sunderland wamelala 2–0, na matokeo yakawekwa kwenye ubao wa Coventry huku mechi ya hapo ikiendelea. Basi tena! Sare iliwatosha wote. Dakika zilizobaki beki anampa beki, hakuna wa kuukimbilia mpira, na Sunderland ndio walioshuka.

Kwa hivyo ukiandika tu "mechi zote saa tisa" bila kusema nani anangoja nani, hujaandika kitu.

Winga_wa_Kayole
@Fundi, kabla ya yote maliza viporo, yaani mechi zilizoahirishwa. Timu ikibaki na mechi mkononi baada ya raundi ya mwisho, kuanza pamoja kumepoteza maana. Liverpool na Arsenal walipangiwa Aprili 1989, mechi ikaahirishwa baada ya maafa ya mashabiki wa Liverpool uwanjani Hillsborough, ikaja kuwa ndiyo inayofunga ligi tarehe 26 Mei. Arsenal walifika Anfield, nyumbani kwa Liverpool, wakijua wanahitaji ushindi wa mabao mawili, na 2–0 ndiyo waliyoipata, la pili likiingia muda wa nyongeza. Safari hiyo kila mtu alifurahia kwa kuwa wawania ubingwa wenyewe ndio waliokuwa wakikutana. Weka kiporo hicho kati ya timu ya mkiani na timu ya katikati isiyotafuta chochote, uone maneno yatakayokuja.

Kanuni iwe: viporo vyote viishe kabla ya raundi ya 20, asiyetokea apoteze pointi.

HesabuZaLigi
Ngoja nimfanyie Fundi hesabu yenyewe, ndiyo anayoitaka.

Raundi ya 21 ikiisha, chukua msimamo na kila timu uiandikie namba mbili: pointi ilizo nazo, na pointi hizo ukijumlisha tatu. Tuseme A ana 45, B 44, C 40. C akishinda anafika 43, hamfikii A, kwa hivyo ubingwa ni wa A na B tu. Huku chini: I 24, J 20, K 19, L 14. L akishinda ana 17, ameshashuka. K akishinda ana 22, hamgusi I. Imebaki nafasi moja ya kushuka, ni J au K.

Mechi zenye uzito ni zile tu zenye A, B, J au K ndani yake. Kama hawakutani wao kwa wao, ni mechi nne, na zimegawanyika mafungu mawili yasiyohusiana. Ya A na B zianze pamoja saa saba na nusu kwenye viwanja viwili. Ya J na K zianze pamoja saa tisa na nusu. Mbili zilizobaki hazina athari, zipigwe Jumamosi kwenye viwanja vya kaunti.

Sasa tuseme ratiba inasema A dhidi ya K. Hapo mafungu yameungana: A–K, mechi ya B na mechi ya J lazima ziende pamoja. Ni tatu, na viwanja unavyo vitatu, bado umepona. Balaa ni wakati timu nne zinawania ubingwa na nne zinakwepa kushuka. Hapo unaweza kuhitaji hata viwanja vyote sita, kwa hivyo tafuta viwanja vya kukopa mapema, usingoje wiki yenyewe.

Mbona saa saba na nusu? Dakika 90, mapumziko 15, nyongeza kama saba: saa moja na dakika 52. Ukianza ya pili saa kumi, inaisha karibu saa kumi na mbili, na Nairobi giza linaingia kuanzia saa kumi na mbili na nusu. Ambulensi ikichelewa nusu saa, mnamaliza giza likiwa mlangoni. Ukianza saa tisa na nusu una saa nzima ya akiba.

KamishnaMezani
Nyongeza kuhusu kuchelewa, maana ndiko wengi huteleza. Kanuni iseme hivi: kabla ya mpira kuanza, tatizo la uwanja mmoja linazuia viwanja vyote vya fungu hilo, mwisho dakika 15. Baada ya hapo, timu iliyosababisha inapoteza mechi, wengine wanaanza. Mpira ukishaanza, uwanja mmoja ukisimama, wengine wanaendelea. Mei 2016 mechi ya Manchester United na Bournemouth iliahirishwa mashabiki wakiwa tayari uwanjani, kwa sababu kifaa cha mazoezi ya usalama kilisahauliwa chooni kikadhaniwa bomu. Mechi nyingine ziliendelea kama kawaida, hiyo ikapigwa Jumanne. Ilisaidia kwamba United, ili kuwapita Manchester City kwenye msimamo, wangehitaji kushinda kwa mabao 19!

Usisahau kipindi cha pili. Watu husawazisha mwanzo wa mechi, halafu timu moja inajificha kwenye mti ikinywa maji dakika 20. Sheria inasema mapumziko yasizidi 15. Makamishna wawe kwenye simu, kipindi cha pili kianze kwa neno moja. Hata hivyo hazitaisha pamoja: mwaka 2001 kule Ujerumani Schalke walimaliza mechi yao wakashangilia ubingwa kama dakika nne, kisha Bayern wakasawazisha kule Hamburg katika muda wa nyongeza, kombe likaenda. Hiyo haina dawa, na wala si kosa la ratiba.

Fundi_wa_Ratiba
Asanteni sana wakubwa. @HesabuZaLigi, A na B wakilingana pointi je? Kanuni zetu zimeandika "tofauti ya mabao" zikaishia hapo.

HesabuZaLigi
Hazijatosha. Arsenal na Liverpool mwaka ule wa 1989 walilingana pointi 76 na tofauti ya mabao 37. Kilichoamua ni mabao ya kufunga, 73 kwa 65. Andika ngazi nne: tofauti ya mabao, mabao ya kufunga, matokeo ya wao kwa wao, kisha mechi ya kuamua katika uwanja usio wa yeyote. Na ziwe zimesainiwa na timu zote kabla ya raundi ya kwanza. Ukibadilisha katikati utaitwa mwizi, hata kama una nia njema.

Halafu tahadhari moja: tofauti ya mabao inapoamua, mechi "isiyo na uzito" kwa mpinzani wa A bado ni hatari. Timu iliyoshashuka hufungwa 11–0 bila kujikaza. Hizo ndizo za kumpelekea kamishna wako mkali.

Winga_wa_Kayole
Na kombe?

KamishnaMezani
Scotland mwaka 2005 walilitia kwenye helikopta. Ilikuwa njiani kuelekea Motherwell, Celtic wakiongoza 1–0, wakafungwa mawili mwishoni, rubani akageuza kuelekea Edinburgh walikokuwa wakicheza Rangers. Sisi tuna boda. Mwenye kombe akae katikati ya viwanja viwili, na riboni za rangi za timu zote mbili mfukoni, asifunge yoyote. Asiondoke mpaka makamishna wote wawili wamempigia kwamba refa amepuliza filimbi ya mwisho. Dakika ya 85 si mwisho.