Mjadala: Trela isiyoonyesha gemu hata sekunde moja, ni sanaa au utapeli?

Mleta mada

Wakuu, habari za jioni. Jana tumebishana kijiweni mpaka mwenye banda akatuzimia jenereta, nikaona mada niilete hapa.

Mwaka 2007 Microsoft iliitangaza Halo 3, gemu la vita na viumbe wa sayari nyingine, kwa kampeni iliyoitwa Believe. Filamu yake kuu haina kipande hata kimoja cha gemu. Walijenga uwanja wa vita wa kuchonga, wenye visanamu vya askari na majitu ya sayari nyingine waliogandishwa katikati ya mapigano, kamera ikapita katikati yao polepole huku kinanda kikipiga Chopin. Mwisho kabisa Master Chief, shujaa wa gemu, akiwa mateka, ananyanyua kichwa. Basi. Filamu nyingine za kampeni hiyo zilikuwa na waigizaji wazee waliojifanya wastaafu wa vita hiyo ya kubuni, wakisimulia waliyoyaona. Gemu likaingiza dola milioni 170 Marekani peke yake ndani ya saa 24 za kwanza, na mwaka 2008 kampeni ikabeba tuzo kuu kule Cannes, kwenye tamasha la matangazo, si lile la filamu.

Mimi nasema huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Trela isiyoonyesha gemu likichezwa ipigwe marufuku. Anayebisha aje.

Mchangiaji 1

Nabisha. Nani alitazama vile visanamu akadhani ndivyo atakavyocheza? Hiyo ilikuwa Halo ya tatu, ya kwanza ilitoka 2001. Watu walishajua pedi inashikwaje na bunduki inalia vipi. Kazi ya filamu ilikuwa kuipa vita ile uzito. Wale wazee walinikumbusha marehemu babu yangu, aliyekuwa KAR, jeshi la mkoloni Mwingereza. Ukimuuliza habari za Burma hataji bunduki, anataja mvua na wenzake waliobaki kule. Aliyeandika tangazo lile alikuwa amewahi kumsikiliza mzee wa namna hiyo. Sasa unipigie marufuku kitu kama hicho, utuachie trela za milipuko tu?

Mchangiaji 2

Mleta mada umemkamata mtu asiye mwizi. Mwizi ni yule anayekuonyesha filamu halafu anakuacha uamini ndiyo gemu.

Kumbuka gemu la Killzone. Mei 2005, kwenye maonyesho ya gemu ya E3 Los Angeles, Sony ilionyesha video ya askari wakishuka kwenye sayari ya adui, kila kitu kinaonekana kwa jicho la mchezaji, silaha mkononi. Ukumbi ukachachamaa. Baadaye ikajulikana ilikuwa katuni iliyotengenezwa kabla, na PlayStation 3 yenyewe haikuwa hata sokoni. Killzone 2 ilitoka 2009. Gemu zuri, ndiyo, lakini miaka minne watu walikuwa wanasifia kisichokuwepo.

Aliens: Colonial Marines ya 2013, gemu la kampuni ya Sega, ilikuwa mbaya zaidi. Walionyesha kipande cha kuchezwa kabisa, chenye vivuli na mwanga wa kutisha. Wanunuzi walipofungua wakakuta kitu kingine, kimepauka. Walalamikaji wakaenda kwa msimamizi wa matangazo Uingereza, na Sega ikakubali kwamba trela zake zingepaswa kuwa na maelezo. Marekani kesi ikafunguliwa, Sega ikakubali kulipa dola milioni 1.25 kuimaliza. Hakuna kinanda cha Chopin pale. Kulikuwa na "gemu likichezwa", kitu kilekile unachotaka kilazimishwe!

Mchangiaji 3

Nyie mna hela. Mimi bando la kushusha GB 70 nalipanga kama ada ya mtoto. Trela sizitazami, nasubiri wiki mbili nimwone mtu wa kawaida aliyejirekodi kwa simu yake akicheza. Niliwahi kununua gemu moja (silitaji) siku ya kwanza kabisa, likawa linakwama kila nikigeuka kona. Tangu siku hiyo nimetubu.

Mchangiaji 4

Upande wa sheria si rahisi hivyo. No Man's Sky ya 2016, gemu la kuzurura angani, ililalamikiwa Uingereza kwa msimamizi huyohuyo, na ikashinda, kwa sababu ulimwengu wake unazalishwa na kompyuta na kila mchezaji anakuta sayari zake. Huku kwetu Tanzania Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji, Kenya wana yao ya kumlinda mlaji ya 2012. Lakini umetapeliwa na trela iliyotengenezwa Marekani, umelipa kwa kadi ya binamu aliyeko Muscat. Unamshitaki nani, na wapi?

Mchangiaji 5

Mmesahau Halo 5. Mwaka 2015 matangazo yalionyesha Locke, askari aliyetumwa kumsaka Master Chief, akimnyooshea bastola kwenye magofu, sanamu kubwa imevunjika nyuma yao. Ikaja na hadithi ya kusikiliza ya mwandishi wa habari anayechimba siri za Chief. Tukajiandaa kwa msako wa ndugu kwa ndugu. Kwenye gemu wanapigana ngumi mara moja, tena hukushika pedi, unatazama tu. Magofu yale hayamo. Hiyo nayo tuiite sanaa?

Mleta mada

Neno "marufuku" nalifuta, Mchangiaji 2 umenibana. Visanamu vya 2007 navisamehe kwa sababu havikudai chochote kuhusu gemu. Kinachodai kuwa gemu likichezwa ndicho kibanwe: kiandikwe juu ya picha, kwa herufi za kusomeka, kimetoka kwenye mashine gani.

Ila Halo 5 sijui niiweke upande gani. Hawakudanganya sura wala mwanga, walidanganya hadithi. Mchangiaji 1, wewe uliyetetea wazee wa Burma, nakungoja hapo. Kama hadithi ndiyo iliyokufanya ununue, na hadithi haimo ndani ya boksi, umeuziwa nini?

Mchangiaji 1

Nimeuziwa mbuzi, mkuu. Hapo sina ubishi. Lakini wa 2007 nilimwona gunia likiwa wazi.